Vibuyu kwenye Kamba ya Kufulia

Kwetu Ohio tunakamua ng'ombe mara mbili kwa siku, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Kuanzia Aprili hadi Agosti kazi hiyo tunaifanya tukiwa na mbayuwayu juu ya vichwa vyetu. Si wale wadogo wanaojenga kwa udongo ndani ya zizi. Hawa ni wakubwa. Dume ni mweusi, na jua likimpiga anang'aa zambarau. Sauti yake ni kama maji yanayochemka ndani ya birika huku mtu akicheka jikoni.

Ndege hawa hukaa Brazili wakati sisi tuna theluji. Kisha hurudi maelfu ya maili, kwenye ua uleule, kwenye nguzo ileile. Kanisa letu haliruhusu magari wala umeme, na mimi nikienda mjini bila farasi anayejua njia, naweza kupotea. Ndege mwenye uzito wa vipande viwili vya mkate hapotei.

Jambo moja kila mtu alijue. Upande huu wa nchi, mbayuwayu hawa hawana tena nyumba porini. Zamani sana watu wa asili wa nchi hii waliwatundikia vibuyu, na ndege wakazoea kukaa na watu. Leo wanatutegemea sisi tu. Asiyewapa nyumba asitegemee kuwaona.

Mama yangu, Elmina Raber, aliolewa katika shamba hili miaka hamsini na mitatu iliyopita. Wakati huo uani palikuwa na jozi ishirini na mbili. Mwaka juzi zilikuwa saba. Mwaka jana zilikuwa nne. Mahali ndege hawa wakiisha kabisa, ni shida kubwa kuwarudisha. Unaweza kungoja miaka kumi ukitazama nyumba tupu. Mama ana miaka sabini na mitano. Hesabu hiyo aliijua kuliko mtu yeyote.

Kosa lilikuwa langu. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imepigiliwa juu ya nguzo, wala haikuwa na njia ya kushushwa. Kwa hiyo hakuna aliyeisafisha. Mbao zilioza. Mvua ilipenya. Shomoro walijaza vyumba kwa majani makavu, na kwezi walitoboa mayai ya mbayuwayu wakachukua vyumba vilivyobaki.

"Atlee," Mama alikuwa akiniambia kila majira ya baridi. "Nyumba ya ndege."

"Mwaka huu, Mama."

"Hata mwaka jana ulikuwa mwaka huu."

Na mimi ni seremala! Wakati wa theluji hutengeneza nyumba za ndege za kuuza. Nyumba zangu zina umbo la ghala, rangi nyekundu, na mistari myeupe madirishani. Wageni wakiziona kando ya barabara husimamisha magari yao. Mwishowe nilitengeneza moja kubwa yenye vyumba kumi na viwili, nikaiweka kando kwa ajili ya Mama. Nilisikia kwamba tundu lenye umbo la mwezi mchanga humzuia kwezi. Basi nikakata matundu yote kwa umbo la mwezi mchanga. Nilijiona nina akili sana.

Mwisho wa Machi watu walikuja kumjengea Mama nyumba ndogo. Hiyo ni desturi yetu. Mwana akishika shamba, mzazi huhamia nyumba ndogo iliyo jirani na ile kubwa, na watu wa kanisa huja kuijenga bila malipo. Siku hiyo walikuja wanaume ishirini na sita. Kufikia saa kumi jioni paa lilikuwa limekwisha, na jua bado liko juu.

Wanaume ishirini na sita wenye nyundo mkononi na hawana kazi ni hatari kama ng'ombe ndani ya duka la vyungu.

"Kuna kazi nyingine?" aliuliza Crist Erb. Crist ni mhubiri wetu, na siku za kazi anashona hatamu za farasi. Kwetu mhubiri haitwi kwa cheo. Ni Crist tu.

"Nina nyumba mpya ya mbayuwayu," nikasema. "Nilitaka kuiweka siku moja."

"Siku moja ni leo," akasema Crist. "Ile nguzo ya zamani imesimama mahali pabaya. Kila nikija hapa kigari changu cha farasi hakigeuki."

"Iwekwe wapi basi?"

"Kule nyuma ya ghala, karibu na ule mti mkubwa. Ndege si anapenda mti?"

Kila mtu alikubali. Mmoja alikata nguzo ya zamani. Wengine walivunja nyumba kuukuu wakaitupa motoni pamoja na vipande vya mbao. Wengine walichimba shimo nyuma ya ghala, futi mia mbili kutoka pale pa zamani. Kazi yote ilichukua dakika arobaini. Tulipiga makofi.

Mama alitoka jikoni na birika la kahawa. Alitazama uani. Akatazama moshi.

"Imekwenda wapi?"

"Tumekuwekea mpya, Mama. Ile kule."

Aliitazama kwa muda. "Ile ni ya ndege au ni ya kuuza?"

Wanaume walicheka. Mama hakucheka.

"Watajuaje kwamba ni yao?"

"Mama, ndege ana macho."

"Hata wewe unayo," akasema mke wangu Saloma, "na kila asubuhi unatafuta miwani iliyo puani."

 Mama alimimina kahawa, akarudi ndani.

Jumapili ya pili ya Aprili, ibada ilikuwa nyumbani kwetu. Sisi hatuna jengo la kanisa. Tunasali nyumbani kwa watu, kwa zamu. Watu mia moja na ishirini walikaa kwenye mabenchi ndani ya karakana yangu kwa saa tatu. Baadaye wanawake waliandaa mkate, siagi ya karanga, achari ya matango na kahawa. Wanaume walisimama uani wakizungumza juu ya mvua.

Ghafla tukasikia ile sauti ya birika.

Walikuwa wanne. Dume mmoja mweusi alishuka kutoka kusini, akapita juu ya paa, akaja moja kwa moja mpaka katikati ya ua. Futi kumi na nne juu ya ardhi akasimama hewani akipiga mbawa, miguu ameinyosha mbele, kama mtu anayekanyaga kibaraza gizani. Kibaraza hakikuwapo. Akaanguka kidogo, akajiinua, akazunguka, akarudi tena palepale. Wengine watatu walimfuata. Walizunguka mahali pasipo na kitu. Kila mara walifika kwenye kimo kilekile, pembe ileile, wakanyosha miguu.

Wametoka Brazili, nikawaza. Wamevuka bahari. Na hawajakosea hata kwa upana wa mkono. Aliyekosea ni mimi.

Mama alisimama mlangoni mwa nyumba yake ndogo, kikombe mkononi. "Wanatafuta mlango," alisema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Ingekuwa ya kulaumu ningejisikia nafuu.

"Wataiona ile nyekundu," nikasema.

"Hawataiona."

Aliyejibu alikuwa Drusilla Keim. Drusilla ni mwalimu wa shule yetu ya chumba kimoja. Ana miaka hamsini na saba na hakuolewa. Mimi alinifundisha mpaka darasa la nane, na hapo shule yangu ikaisha, kama ya watu wote wa kwetu. Nyumbani kwake ana jozi sitini za mbayuwayu. Anazijua kwa daftari, chumba kwa chumba.

"Wataizunguka hewa hii leo," alisema, "na pengine kesho. Kisha watakwenda kutafuta kwa mtu mwingine. Nani aliichoma ile ya zamani?"

Wanaume ishirini na sita walitazama viatu vyao.

"Ilikuwa imeoza, Drusilla," nikasema.

"Ilikuwa imeoza, ndiyo. Na ilikuwa nyumbani. Ukitaka kubadilisha, unaweka mpya karibu na ya zamani, wanaiona, wanaizoea, kisha ndiyo unaondoa ya zamani. Wewe umeondoa nyumba, umeondoa nguzo, umehamisha mahali, umebadilisha rangi na umebadilisha mlango. Yote siku moja! Kwa nini hukuniuliza?"

"Unakaa mbali."

"Nakaa maili moja, Atlee. Wao wametoka Brazili."

Watu walicheka. Nilistahili.

"Tufanye nini?" akauliza Mama.

"Nina vibuyu darini, vyenye matundu ya duara kama yale waliyoyazoea. Tuvitundike hapa hapa, kimo kilekile. Lakini leo. Redio ya dereva anayechukua maziwa inasema mvua ya baridi inakuja kesho. Mvua ikiwakuta hawana pa kulala, wataondoka."

Lakini ilikuwa Jumapili. Jumapili tunakamua na kulisha mifugo, basi. Hatuchimbi shimo. Hatupigi msumari. Wote tukamgeukia Crist.

Crist alikuna ndevu zake. "Bwana alisema, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mtoe."

"Huyu si ng'ombe," akasema mzee mmoja kutoka nyuma. "Ni ndege."

"Wala hakutumbukia," akasema Drusilla. "Ninyi ndio mliomvunjia nyumba."

"Drusilla, nyamaza kidogo nifikiri."

"Fikiri haraka, Crist. Wewe ndiye uliyetaka kugeuza kigari."

Crist aliona haya mpaka masikioni. "Shimo hapana," alisema. "Nguzo hapana. Kwa hilo siwezi."

Mama aliweka kikombe chake dirishani. Alionyesha kidole juu. "Na kamba ya kufulia?"

Kila nyumba ya kwetu ina kamba ndefu ya kufulia. Inaanzia kibarazani kwenye kapi moja, inapanda juu mpaka kapi nyingine kwenye ncha ya paa la ghala. Mwanamke anasimama mahali pamoja, anabana nguo, anavuta, na nguo inapanda yenyewe. Kamba yetu inapita juu ya ua. Mahali pa nguzo ya zamani, kamba hiyo ina kimo cha futi kumi na nne, pengine kumi na tano.

"Kibuyu kinafungwa kwa fundo," akasema Mama. "Crist, kufunga fundo ni kazi?"

Crist alimtazama mke wake. "Asubuhi hii mke wangu amefunga kofia yake kidevuni," alisema polepole. "Sijamsikia mtu akisema amefanya kazi."

Hatukuhitaji zaidi. Drusilla alipanda kigari chake, akaenda na kurudi kabla farasi hajatoka jasho. Alileta vibuyu sita vyeupe, kila kimoja kikubwa kuliko kichwa cha mtu. Ndani alikuwa ameweka konzi ya majani makavu ya msonobari. Wanawake walisimama kibarazani, wakafunga kibuyu cha kwanza, wakavuta kamba, wakafunga cha pili. Vibuyu vilipanda hewani kimoja kimoja, vikiyumba, kapi ikilia. Vilipofika juu ya mahali pa nguzo ya zamani, Drusilla akapiga kelele, "Hapo!"

Kisha tukangoja. Kwa kawaida watu huondoka saa nane ili wawahi kukamua. Siku hiyo hakuna aliyefunga farasi. Hata wale wenye shughuli zao walikuja kuketi kwenye nyasi.

Dume aliruka mbali mara tatu. Mara ya nne alitua juu ya kamba. Kamba iliyumba, naye akayumba nayo. Alitazama kibuyu kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akashuka mpaka mdomoni mwa tundu. Akaingiza kichwa.

"Ingia," alinong'ona Mama. "Ingia, mpumbavu wewe."

Akaingia. Mkia ukapotea. Nadhani watu mia moja na ishirini walizuia pumzi. Kisha kichwa cheusi kikatokea tundoni, na akaanza kuimba kwa nguvu zake zote. Jike akaja.

"Haya," akasema Mama. "Sasa nendeni mkakamue."

Jumatatu ni siku ya kufua katika bonde letu lote, na siku hiyo wanawake hutazama kamba za wenzao. Sisi kamba yetu ilikuwa na wapangaji. Saloma alianika nguo kwenye uzio wa kuku. Kuna mwanamke aliyesimamisha kigari barabarani akauliza, "Saloma, kuku wako wameanza kuvaa suruali?"

"Wanavaa za Atlee," Saloma akajibu. "Wanasema zinawabana."

Mvua ya baridi ilikuja jioni hiyo, kama redio ilivyosema. Ndege walilala ndani ya vibuyu siku mbili. Siku ya tatu jua lilitoka na wadudu wakaruka, na ndege wakatoka kula.

Jioni hiyo Drusilla alikuja na futi ya kupimia na daftari. Aliiangalia nyumba yangu nyekundu kutoka kila upande.

"Ufundi ni mzuri," alisema. "Viungo vimekaa. Ila hukumjengea ndege. Umemjengea mtu aliye ndani ya gari."

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa amekwisha kuingiza mkono ndani.

"Chumba hiki ni inchi sita kwa sita. Jike na vifaranga watano wanabanwa humu kama viazi ndani ya soksi. Tena kiota kikiwa karibu na mlango, bundi anaingiza kucha na kuwatoa. Chumba kiwe na kina cha inchi kumi na mbili. Vunja kuta za katikati. Vyumba kumi na viwili vitakuwa sita. Sita vizuri."

"Na rangi?"

"Nyeupe. Nyekundu inashika joto. Mwezi wa Julai utawaoka."

"Lakini matundu ya mwezi mchanga ni sahihi. Hilo nilisikia."

"Ulisikia nusu." Aliweka futi kwenye tundu. "Upana inchi tatu, sawa. Kimo ni inchi moja na robo, na kwezi anapita hapo akijikaza. Punguza robo ya robo. Kiasi hicho tu. Mbayuwayu ana kifua bapa, atapita. Kwezi ana kifua kinene, atakwama. Na tundu lako liko katikati ya ukuta, inchi mbili kutoka kwenye kibaraza. Mbayuwayu ana miguu mifupi. Kwenye tundu jembamba hawezi kurukia ndani, lazima atambae. Ukingo wa chini ukae karibu kabisa na sakafu, nusu inchi au chini yake, nje na ndani."

Niliandika kila kitu nyuma ya kipande cha mbao.

"Halafu mahali," akaendelea. "Mbayuwayu hapendi mti. Mti ni wa mwewe. Anataka uwazi, futi arobaini au zaidi kutoka mti wowote, na anataka kuwa karibu na watu. Nguzo irudi katikati ya ua."

"Crist na kigari chake je?"

"Crist ajifunze kugeuza."

Tuliisimamisha nguzo mpya Jumatano iliyofuata, mimi na Drusilla na Saloma. Hatukuwaita watu ishirini na sita. Ni nguzo ya chuma, na ina winchi ya mkono na waya unaopita kwenye kapi ya juu. Ukizungusha mpini, nyumba nzima inashuka mpaka kifuani kwako. Haitumii umeme, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Chini yake tulifunga bati la mviringo, refu kama mkono wa mtu, ili nyoka wasipande, wala rakuni, yule mnyama mdogo mwizi wa mayai. Mchana, ndege walipokuwa mbali wakila, tulihamisha vibuyu kutoka kwenye kamba hadi kwenye mikono ya nguzo hiyo. Vilisogea futi nne tu. Ndege walirudi, wakazunguka mara moja, wakaingia.

Nyumba yangu, baada ya kuvunjwa kuta na kupakwa rangi nyeupe, ilikwenda kwenye nguzo hiyohiyo, chini ya vibuyu. Vyumba vitatu niliviwekea matundu ya duara na vitatu matundu ya mwezi mchanga. Jozi moja iliyofika Mei, ndege wachanga waliokuwa hawajapata nyumba popote, iliingia kwenye tundu la mwezi mchanga bila kuuliza.

Wale wa vibuyu, ambao kufikia Mei walikuwa jozi nne, Drusilla aliwangoja mpaka walipotaga. "Ndege mwenye mayai hataki kuhama," alisema. "Sasa atakubali kujifunza mlango mpya." Tulibadilisha milango ya vibuyu kwa siku nne, mmoja kila siku. Jike wa kwanza alipata shida karibu dakika ishirini. Alijaribu kuingia wima. Alijaribu kwa pembe. Kisha akalaza kifua na kutambaa. Baada ya hapo alipita kama barua chini ya mlango.

Wiki hiyo hiyo kwezi alikuja. Aliingiza kichwa, kifua kikakataa. Alisukuma, akavuta, akatukana kwa lugha yake, akaenda zake. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Shomoro hawakuacha. Shomoro anapita kila tundu analopita mbayuwayu, kwa hiyo dawa yake ni kushusha nyumba kila siku tano na kutoa majani yake. Kiota chake hakifanani na kingine. Ni rundo la majani makavu, manyoya na takataka mpaka darini. Kiota cha mbayuwayu ni bapa, kina udongo kidogo mbele na majani mabichi juu, na mayai yake ni meupe kabisa. Ukijua hilo huwezi kukosea.

Kushusha nyumba ilikuwa kazi yangu. Mama alikataa kusogea. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba ukigusa kifaranga, mama yake atamkimbia.

Siku moja mwezi wa Juni, Drusilla alimshika mkono. "Njoo, Elmina. Leo wewe."

"Nikimgusa hatamrudia."

"Nani aliyekuambia? Mbayuwayu hamkimbii mtoto kwa sababu ya harufu yako. Atlee alipozaliwa, mkunga alimshika kabla yako. Ulimkataa?"

Mama alinitazama. "Nilifikiria kidogo," alisema.

Lakini alikwenda. Alishika mpini wa winchi kwa mikono miwili, akauzungusha mwenyewe. Waya ulilia. Nyumba ilishuka taratibu mpaka ikasimama mbele ya kifua chake. Drusilla alifungua mlango mdogo wa pembeni.

Ndani walikuwa vifaranga watano, wamelaliana, macho yamefunguka nusu. Manyoya ya mbawa yalikuwa yameanza kutoka kama vijiti vya kalamu.

"Miaka hamsini na mitatu nimewatazama matumbo tu," alisema Mama.

Drusilla alimwekea mmoja kiganjani. Mama hakutikisika. Vidole vyake, vilivyopinda kwa kukamua, vilifanya kikombe. Jike alikuwa amekaa juu ya kamba ya kufulia na kereng'ende mdomoni, akitupigia kelele.

"Ana moto kama mkate," alisema Mama. "Atlee, huyu ataiona Brazili kabla ya Krismasi. Mimi hata Indiana, jimbo la jirani, sijafika."

"Ukitaka kwenda, nitakupeleka."

"Nikafanye nini Indiana?"

Alimrudisha kifaranga kwa wenzake, akafunga mlango, akazungusha mpini. Nyumba haijafika juu, jike alikuwa amekwisha kutua na kuingia na kereng'ende wake. Mama alibaki ameshika mpini kwa muda mrefu. Maziwa yalichelewa siku hiyo.

Jozi tano zilitaga mayai ishirini na sita. Vifaranga ishirini na wawili waliruka mwezi wa Julai. Mama aliwaandika wote katika daftari ambalo Drusilla alimpa, chumba kwa chumba. Mwezi wa Agosti wote waliondoka, na ua ukawa kimya mpaka theluji ikayeyuka.

Mimi sitengenezi tena maghala mekundu ya kuuza. Natengeneza nyumba nyeupe zenye vyumba virefu, na kila anayenunua namwambia aweke nguzo inayoshuka. Wengine hawapendi kuambiwa. Wanaondoka. Wengine wanauliza maswali, na hao nawapeleka kwa Drusilla.

Mwaka uliofuata, dume wa kwanza alifika Aprili tarehe tisa, tukiwa tunakamua. Mama alikuwa wa kwanza kumsikia. Tuliacha ndoo tukakimbia mlangoni, Saloma, mimi na yeye. Dume alishuka kutoka kusini, akapita juu ya paa. Hakuzunguka hata mara moja. Alitua, akalaza kifua, akatambaa ndani.